Dokta, nataka kupunguza mashavu

Wiki tatu sasa ujumbe unaoletwa kwenye safu hii ni mashavu matupu. Video zile mmeziona: mtu ameachama, mkasi unaingia ndani ya shavu, kinavutwa kipande cha mafuta cha njano, kisha picha ya pili uso umechongoka. Chrissy Teigen, mwanamitindo wa Marekani, alisema hadharani mwaka 2021 kwamba na yeye amefanya upasuaji huo wa kutoa mafuta ya mashavu, na tangu hapo hata wagonjwa wangu waliokuja kung'oa jino wananiuliza. Leo najibu sita. Aliyeuliza kuhusu jino la dhahabu anivumilie.

Shikamoo Dokta. Nina miaka 23, naishi Tabata. Uso wangu ni wa duara mpaka rafiki zangu wananiita Andazi. Haya mafuta ya mashavuni yana kazi gani, au yapo tu?

Marahaba, mwanangu. Hao wanaokuita Andazi waambie andazi halijawahi kukosa mteja.

Mafuta hayo yapo kazini. Bandika vidole karibu na pembe ya taya, uma meno, kisha legeza. Kinachojitutumua hapo ni maseta, msuli wenye nguvu kuliko yote ya kutafunia. Mbele yake, kwa ndani, upo msuli mwingine mwembamba wa shavu, ambao hurudisha tonge kwenye magego kila linapotaka kujificha kati ya shavu na fizi. Ukitafuna, misuli hii miwili inapishana. Katikati yake kuna kifuko cha mafuta, kama mililita 10 kila upande, yaani vijiko viwili vya chai, ili ipishane bila kusuguana. Kifuko hicho kina mikia: mmoja unapanda hadi kwenye panja, mingine inazama ndani nyuma ya taya. Ulipokuwa mchanga ndicho kilichozuia mashavu yako yasinyonywe kuingia ndani kila ulipovuta ziwa.

Wataalamu wenyewe kiliwachanganya. Mwaka 1732 Mjerumani Lorenz Heister alikieleza akidhani ni tezi. Mfaransa Bichat ndiye aliyekuja kusema, mwanzoni mwa karne ya 19, kwamba ni mafuta. Brazili, ambako upasuaji huu umeshamiri hata kwa madaktari wa meno, hadi leo wanauita bishektomia kwa jina lake.

Si mafuta ya tumbo haya. Mtu akikonda, kiuno hupungua kwanza na kifuko hiki hubaki karibu kilivyokuwa. Ndiyo maana wapo wembamba kama fito wenye mashavu, na ndiyo maana kufunga kula hakujakusaidia.

Mara ya kwanza kukiona kwa macho yangu nilikuwa bado mwanafunzi wa vitendo. Mzee mmoja alikuwa ameng'olewa gego la juu, likaacha tundu linaloingia kwenye uwazi wa sainasi. Akinywa chai, inatokea puani. Bosi wangu akachana kidogo ndani ya shavu, akasukuma kwa nje na kidole gumba, na mafuta yakajitokeza yenyewe, njano ya kiini cha yai la kienyeji, yakimeta. Hakuyakata. Aliyavuta taratibu hadi juu ya tundu, akayashona pale. Wiki chache baadaye mafuta yalikuwa yameota ngozi ya kinywa na mzee anakunywa chai yake kistaarabu. Njia hiyo inatumika tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo mwanangu, mnapoona kwenye video yanatupwa kwenye sahani, sisi wengine roho inatuuma kama fundi anayeona kipuri kizima kinatupwa.

Una miaka 23. Uso bado unajipunguza wenyewe. Mimi nisingekukata.

Salaam alaikum Dokta. Nipo Maskati, nimefanyiwa miezi miwili iliyopita. Nikila nyama taya linachoka upande wa kulia na najiuma shavu. Je, wamenikata msuli?

Waalaikum salaam. Kwa kawaida hawakati. Nyuzi za msuli wa shavu hutanuliwa tu, mafuta yakavutwa, jeraha likashonwa kwa uzi mmoja au miwili. Lakini msuli uliotanuliwa huvimba, na ukipona huacha kovu. Wiki za mwanzo taya kukaza ni jambo la kawaida, na kujiuma pia, kwa kuwa shavu limebadilika umbo na ulimi bado haujapata habari.

Watafiti, hasa wa Brazili, wamekuwa wakipima umeme wa misuli na nguvu ya kuuma kabla na baada ya upasuaji. Makundi yao ni madogo na ufuatiliaji ni wa miezi, si ya miaka. Nasema hivi kwa sababu kliniki nyingi hutangaza kwamba kutafuna hakuguswi kabisa. Hayo ni maneno ya muuzaji. Ukiondoa grisi kati ya vyuma viwili, mashine itaendelea kuzunguka. Utaijuaje hali yake baada ya miaka 20 kama umeiangalia miezi mitatu?

Turudi kwako. Miezi miwili, upande mmoja tu: usikae nyumbani kusubiri. Simama mbele ya kioo, jaribu kuingiza vidole vyako vitatu vilivyosimama wima kati ya meno ya mbele. Vikiingia viwili tu, taya limekaza na unahitaji mazoezi ya kulifungua chini ya mtaalamu. Angalia pia shavu wakati wa kula. Likivimba kila unapoanza kutafuna au ukinusa ndimu, huenda mfereji wa mate umeguswa, kwani unapita juu ya kifuko hicho hicho na kutokeza mkabala na gego la pili la juu. Tabasamu. Mdomo ukipanda upande mmoja, ni mshipa wa fahamu. Ukiona lolote kati ya hayo, au homa, au usaha, nenda kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya leo, si Jumapili ijayo. Usipoliona, bado nenda, ila unaweza kusubiri miadi.

Kwa sasa kula samaki, mtori, wali laini, na tafuna pande zote mbili hata kama upande wa kulia unadeka. Ile halua ya huko iache kwanza, inavuta taya kama gundi.

Mimi ni mwanamume wa Mombasa. Mke wangu anasema uso wangu umekuwa wa mraba. Natafuna muguka na chingamu kila jioni mpaka saa sita. Nikitoa mafuta nitarudi kama zamani?

La. Hayo si mafuta, bwana, ni misuli. Unaifanyisha mazoezi kwa saa nyingi kila usiku halafu unashangaa imejaa. Uma meno ushike pembe za taya: kama panakuwa pagumu kama jiwe, ndio jibu lako. Ukitoa mafuta hapo utabaki na taya pana na shavu lililobonyea, mke atakuwa na la kusema zaidi. Punguza muguka, na umuulize kama unasaga meno usingizini. Kuna sindano ya botoksi ya kulegeza maseta, lakini inapunguza nguvu ya kuuma kwa miezi kadhaa na ikiisha unarudi dirishani kulipa tena.

Dokta, mimi mashavu yamekuja ghafla. Nilianza vidonge vya kunenepesha vya duka la mtaani miezi minane iliyopita, hipsi zikaja kidogo, uso ukaja mwingi. Naona aibu. Wapi wanatoa mafuta haya Dar?

Dada yangu, hapa naomba usome polepole.

Vidonge vingi vinavyouzwa bila boksi, vikifungwa kwenye karatasi, ni deksamethasoni, wakati mwingine pamoja na dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Deksamethasoni ni steroidi. Ikitumika muda mrefu uso hujaa kuwa mwezi, shingo kwa nyuma hutuna, na sukari na presha hupanda. Baadhi ya krimu kali za kujichubua nazo huleta mwezi huo huo. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekuchana shavu kwa hali hiyo.

Lakini, na hili ndilo la maana kuliko yote kwenye safu ya leo: usiache vidonge hivyo kwa mara moja. Kwa miezi minane tezi zako zilizo juu ya figo zimelala, kwa kuwa kazi yao inafanywa na kidonge. Ukikata ghafla presha inaweza kushuka ukaanguka, na watu hufa hivyo. Nenda hospitali na karatasi ya vidonge mkononi, waambie ukweli, watakupunguzia kidogo kidogo. Uso utarudi wenyewe. Aibu iache kwa muuza duka.

Binti yangu wa miaka 19 hatoki nyumbani bila kufunika mashavu kwa barakoa. Anajipiga picha mara arobaini na kuzifuta zote. Baba yake yuko tayari kulipia upasuaji ili apate amani. Ushauri wako?

Mama, hela ya baba itunzwe kwanza.

Simu yenyewe inamdanganya. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba picha ya kujipiga kutoka sentimita 30 huonyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo. Kilicho karibu na lenzi hukuzwa, na uso mzima hupoteza uwiano wake. Mwombe mtu ampige picha kutoka hatua mbili, aziweke picha hizo mbili kando kwa kando. Mabinti wawili niliowafanyia hivyo walicheka. Wa tatu hakucheka. Alianza kuniuliza kuhusu pua. Huyo nilimpeleka kwa mwanasaikolojia, kwa sababu mtu akishachukia sehemu moja ya mwili kiasi cha kujificha, kisu humhamishia chuki kwenye sehemu nyingine.

Na kuna jambo vijana hawa hawakuliona. Waliofanya kazi kwenye kliniki za CTC, zile za wanaoishi na VVU, miaka ya 2000 wanaikumbuka stavudini. Ilikuwa dawa ya ARV iliyookoa maisha ya wengi, lakini ilikula mafuta ya uso. Wagonjwa walirudi wana nguvu, CD4, yaani seli za kinga, zimepanda, na mashavu yametumbukia. Jirani alisoma uso akajua. Nilikuwa na mama mmoja aliyekuja na mtandio umefungwa hadi chini ya macho. Nilipomwomba afungue kinywa nimtazame meno alilia kabla hajaufungua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo iondolewe taratibu. Yule mama angetoa chochote arudishiwe kile ambacho binti yako anataka kulipia kitolewe.

Kama baada ya mwaka mmoja na mazungumzo na mtaalamu bado anataka, akiwa mtulivu, tuongee upya. Na atakayemfanyia awe kwenye daftari la Baraza la Madaktari, awe na hospitali nyuma yake, si chumba cha saluni. Tena amwambie kabisa kwamba mafuta hayo hayaoti tena, na kwamba akifika miaka 45, uso utakapoanza kupungua wenyewe, atakuwa anatafuta wa kumjazia.

Dokta, kupuliza puto kila asubuhi kunapunguza mashavu?

Hapana. Kunaongeza maputo.