Kwa mnaoanza kuchambua soko la nyumba: msiitazame riba peke yake

Anayeingia kwenye kazi hii husikia mapema kwamba riba ikipanda, bei za nyumba hushuka. Ni kweli kwa sehemu. Lakini usiitumie kanuni hiyo kabla ya kujua mji unaouchambua una nyumba ngapi sokoni, na unaweza kuongeza ngapi. Nimesoma ripoti nyingi zilizoandikwa kwa bidii zikakosea hapo hapo.

Anza na marejesho. Mnunuzi wa kawaida anachopima ni kiasi atakachokatwa kila mwezi, kuliko bei yenyewe. Chukua mkopo wa 100,000, kwa sarafu yoyote, wa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 3, mkopaji hulipa takriban 422 kwa mwezi. Kwa asilimia 7, hulipa 665. Sasa igeuze hesabu: mwenye uwezo wa kulipa 422 tu, riba ikiwa asilimia 7, anaweza kukopa kama 63,000. Mshahara wake haujaguswa, lakini zaidi ya theluthi ya uwezo wake wa kukopa imetoweka. Ifanye hesabu hii mwenyewe mpaka ikukae kichwani.

Ukiishia hapo, utatabiri kwamba bei nazo zitaporomoka kwa theluthi. Yaliyotokea Marekani ni tofauti. Benki kuu yao ilianza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu na sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30, iliyokuwa chini ya asilimia 3 mwanzoni mwa 2021, ilikaribia asilimia 8 Oktoba 2023. Mauzo yalipungua sana, ila bei kwa nchi nzima hazikuporomoka.

Sababu iko kwa wauzaji. Mwenye mkopo wa riba isiyobadilika ya asilimia 3 akiuza ili ahamie kwingine, itambidi akope upya kwa 7. Wengi waliamua kubaki walipo. Riba ile ile iliyowafukuza wanunuzi iliwazuia wauzaji pia, na nyumba zilizotangazwa zikawa chache.

Usiihamishie hali hiyo kila nchi. Australia, ambako mikopo mingi ni ya riba inayobadilika, ongezeko humfikia mkopaji ndani ya miezi michache. Uingereza wengi hufunga riba kwa miaka miwili au mitano, kwa hiyo mzigo huwafikia kwa zamu, kadiri mikataba inavyoisha. Ukipewa mji mpya, uliza kwanza mikopo yake ni ya namna gani.

Halafu nenda kwa wajenzi, maana nao hukopa. Riba ya juu huua mradi ambao bado uko kwenye karatasi, lakini jengo ambalo msingi wake umeshamwagwa kwa kawaida humaliziwa. Tazama Austin, Texas. Miradi mingi ya maghorofa iliyoanza mikopo ikiwa nafuu ilikamilika 2023 na 2024, riba ikiwa juu, na kodi za pango zikashuka. Aliyefuatilia vibali vya ujenzi vya 2021 na 2022 aliweza kuliona hilo likija. Kinyume chake ndicho kinachonisumbua zaidi: miradi inayofutwa leo kwa sababu ya riba haitaonekana kwenye takwimu za kodi mwaka huu. Itaonekana miaka miwili au mitatu baadaye, na atakayeilipia ni mpangaji.

Na pale ambapo sheria za mipango miji zinazuia ghorofa, riba ya chini haileti nyumba mpya. Inapandisha bei ya ardhi tu.

Kwenye kazi ya kila siku, gawanya nyumba zilizotangazwa kwa mauzo ya mwezi. Zikiwepo 3,000 na zikiuzwa 1,000 kwa mwezi, soko lina akiba ya miezi mitatu. Fuatilia kama akiba hiyo inakua au inapungua. Jihadhari pia na bei ya wastani. Riba ikipanda, wanaotegemea mkopo hujiondoa kwanza na wenye fedha taslimu hubaki wakinunua nyumba ghali, kwa hiyo wastani unaweza kupanda wakati nyumba moja moja zinashuka thamani. Ukiweza, tafuta nyumba ile ile iliyouzwa mara mbili, ulinganishe bei zake.