Shangazi, mpenzi wangu haongei

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, nauza kwenye duka la dawa hapa Majengo, Dodoma. Nina mpenzi wangu, huu ni mwaka wa pili, analima zabibu Mpunguzi. Zamani tulikuwa tunapiga stori mpaka usiku wa manane. Tangu Januari amebadilika. Nikimwandikia "Umeshindaje?" anajibu "Poa." "Umekula?" "Ndiyo." "Mbona uko hivyo?" "Hivyo vipi?" Imeisha hapo. Juzi aliniambia bomba lake la kupigia dawa limeharibika na mvua haikati, nikamuuliza, kwa hiyo ndiyo sababu ya kutonipigia? Akanyamaza siku mbili. Nikimuuliza kama bado ananipenda, anasema "Si unajua." Nilimwomba rafiki yangu amtumie meseji kwa namba ngeni, ajifanye anamtaka. Akajibu "Samahani dada, umekosea namba." Lakini bado roho yangu haijatulia. Mama naye kila wiki ananiuliza huyo mtu anakuja lini kujitambulisha. Hanipigi wala hanitukani. Nifanyeje?*
*Mwenye Mawazo, Dodoma*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mawazo.

Nimeirudia barua yako, na kila nikiisoma nakwama palepale kwenye bomba. Unasema mwenzako haongei, kumbe siku ile aliongea. Alikuambia jambo zito kuliko yote yaliyomo kwenye barua hii, nawe ukalipokea kama kisingizio.

Wewe ni mtoto wa mjini, huenda hujawahi kukaa na mkulima wa zabibu wakati wa mvua. Zabibu zetu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu huu wa mvua ndio unaowatesa wakulima, kwa sababu ya ugonjwa wa ukungu. Mvua ikinyesha mfululizo, dawa inasombwa, inabidi kupiga upya. Mtu anashinda shambani na bomba mgongoni, nguo zimelowa, na dawa yenyewe kaikopa. Bomba likifa wiki kama hiyo, anaona vichala vinaharibika mbele ya macho yake. Hata akivuna salama, zabibu hazikai ghalani kama mahindi zikisubiri bei. Mnunuzi asipopatikana mapema, anauza kwa bei yoyote au zinamwozea. Sasa mtu wa namna hiyo anafika kwake usiku, anawasha simu, anakuta "Mbona uko hivyo?" Hilo swali halijibiki, mwanangu. Anachosikia ni kwamba amekosea tena.

Simtetei. Siku mbili za kununa ni nyingi kwa mtu mzima, na hilo ana haki ya kuambiwa. Lakini kuna mwanaume anayenyamaza ili akuadhibu, mpaka umwombe msamaha kwa kosa usilolijua, na kuna anayenyamaza kwa sababu mambo yamemwelemea na anaona aibu kuonekana hana kitu. Kwa uliyoniandikia, naona wako ni huyu wa pili.

Nawe pia kuna jambo hujalisema. Unamuuliza kama anakupenda, ilhali unachotaka kujua ni lini atatuma wazee kwenu. Hayo ni maswali mawili tofauti. La kwanza atakujibu "Si unajua" mpaka uzeeke. La pili linahitaji tarehe na hela, na nadhani ndilo analolikwepa, maana tarehe yake inategemea mavuno ambayo hata yeye hana uhakika nayo. Muulize hilo hilo, waziwazi.

Ila usimuulize kwa meseji. Siku yako ya mapumziko panda daladala za barabara ya Iringa, umfuate Mpunguzi. Mwambie mapema kwamba unakuja, usimvamie. Vaa nguo za kazi. Wanaume wengi wa huku ukimketisha uso kwa uso na kumwambia "tuongee", anaganda. Mkiwa mnafanya kazi pamoja, maneno yanatoka yenyewe. Anza na bomba: "Ulipataje dawa ya kupiga wiki ile?" Kisha unyamaze. Akiongea, usiingize yako. Usimpe ushauri. Akimaliza kabisa ndipo useme: "Nilikujibu vibaya siku ile. Lakini ukinyamaza siku mbili nakosa usingizi. Ukichoka niandikie tu kwamba umechoka, nitalala." Hilo ni ombi dogo, analiweza hata akiwa hoi.

Suala la kujitambulisha lisubiri jioni, mkiwa mnasindikizana kituoni. Sema: "Mama ananiuliza, na mimi mwenyewe nataka kujua. Baada ya mavuno utakuja nyumbani?" Akisema mambo hayajakaa sawa, muulize yakikaa sawa yatakuwaje: ni mahari inayomtisha, ni deni la dawa, au kwao hawajaambiwa? Mengine mnaweza kuyabeba wawili. Lakini akikwepa hata swali lililonyooka hivyo, mavuno yakapita na ya pili yakapita bado anakwepa, usiniandikie tena kuuliza maana yake. Una miaka 26 na una kazi yako. Hupaswi kumsubiri mtu asiyetaka kusema.

Kuhusu ile namba ngeni, hapo nimesikitika. Kijana alijibu kwa adabu, akakuheshimu bila kujua anachunguzwa, na bado hukuridhika. Ukirudia mtego huo mara kumi, hutaridhika. Mwambie mwenyewe ulichofanya, siku hiyohiyo kule shambani, kabla rafiki yako hajaropoka. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee.

Mama mwambie umemsikia na utampa jibu baada ya kwenda Mpunguzi. Na unapokwenda, pitia sokoni uulizie bei ya bomba. Sisemi umnunulie, ila ukifika ukawa unaijua bei yake, ataona kwamba safari hii ulimsikia.