Je, "vantage" ni "advantage" iliyokatwa?

SWALI: Nafasiri hati za mradi wa utalii huko Karatu. Kila ukurasa nakutana na "vantage point". Mwenzangu anasema vantage ni advantage iliyokatwa kichwa, kwa hiyo niandike "sehemu yenye faida". Yuko sahihi?

JIBU: Kwenye asili hayuko mbali sana. Kwenye tafsiri usimfuate.

Maneno yote mawili ya Kiingereza yametoka katika Kifaransa cha kale, avantage, lenye shina avant, yaani "mbele". Mwenye avantage ni aliyetangulia wenzake. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa wa huko, na katika Kifaransa chao a ya mwanzo ilidondoka, ikabaki vantage. Kichwa kilikatwa kweli, ila kilichokatwa ni a, si ad. Ile d haikuwepo kabisa. Ilikuja kushika mizizi karne ya 16, watu walipodhani kimakosa kwamba hapo pana kiambishi ad- cha Kilatini. Advance nayo ilipachikwa d hiyo hiyo. Kichekesho zaidi ni admiral: asili yake ni amiri la Kiarabu, lile lile la Amiri Jeshi Mkuu wetu, nalo d yake ni ya kupachikwa vilevile. Kwa hiyo kati ya ndugu hawa wawili, vantage ndiyo iliyobaki karibu na mzazi.

Zamani vantage ilikuwa faida tu, hata ya fedha. Kisha ikaelemea kwenye mahali: aliyesimama juu humwona adui kabla hajaonwa. Katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, mhusika Banquo anaitazama ngome na kusema ndege wa jamii ya mbayuwayu wamejenga viota kila palipo na "coign of vantage", yaani pembe ya ukuta inayofaa. Mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon naye, mwaka 1625, aliandika "vantage ground". Hii "vantage point" yako ni ya juzi tu, karne ya 19.

Sasa hati yako. Kama mgeni anasimama ukingoni akiangalia chini kreta ya Ngorongoro, andika "mahali pa kutazamia" na uendelee na kazi. Faida haimo. Hati ikisema mwongoza watalii, "from his vantage point", aliona wageni wakipungua, basi ni "kwa nafasi aliyokuwa nayo". Wengi hapo hukimbilia "mtazamo", nami huwa naufuta kila nikihariri: mtazamo ni unachofikiri, vantage ni uliposimama. Wala usiandike "ameshika mpini". Huo ni uwezo wa kumwamulia mwenzako aliyeshika makali; utunze kwa siku utakayokutana na "upper hand".