Saratani ya pafu imefika ubongoni: upasuaji una faida?

SWALI: Baba mkubwa ana saratani ya pafu, na MRI imeonyesha kivimbe kimoja ubongoni. Daktari anafikiria kumpasua. Si imeshaenea? Ataishi miaka?

JIBU: Inawezekana, ingawa wanaofika huko ni wachache. Saratani ikitapakaa, kukata pafu hakusaidii: mgonjwa hubaki na kidonda na ugonjwa uleule. Vivimbe vilivyoenea visipozidi vitatu, hesabu hubadilika. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2019 ulifuatilia wagonjwa 49 wa aina hiyo ambao dawa zilikuwa zimeutuliza ugonjwa. Walioongezewa mionzi au upasuaji kwenye vivimbe vyote, nusu yao walivuka miezi 41; kwa wasioongezewa ilikuwa 17. Ni kundi dogo, lakini tofauti si ndogo.

Kwa kawaida ubongo hutangulia, kwa upasuaji au mionzi ya kulenga, maana uvimbe wake huleta degedege. Pafu hufuata.

Kabla ya kusaini, ulizeni kama tezi za limfu za katikati ya kifua zimetolewa kipande kidogo na kupimwa maabara. Picha peke yake hudanganya, na tezi hizo zikiwa na saratani matumaini hushuka sana. Ulizeni pia PET (picha ya kusaka saratani) ya mwili mzima, kipimo cha nguvu ya pumzi, na vya jeni za uvimbe ziitwazo EGFR na ALK, kwani zikiwa na hitilafu huenda vidonge vya kuzilenga vikaanza kwanza. Sigara iachwe leo.

Baadaye, CT ya kifua kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka mitatu, pamoja na MRI ya ubongo. Akitapika asubuhi huku kichwa kikiuma, au mkono ukilegea, msingoje kliniki.