Kabla hujamfundisha bwana shamba mambo ya lishe, muulize jana alikula nini

Semina yangu ya kwanza ya lishe kwa maafisa ugani niliiharibu mwenyewe, huo ndo ukweli. Ilikuwa Njombe, nikaja na projekta na slaidi kama sitini hivi, vitamini A, madini ya chuma, protini, watu wakapiga miayo mpaka saa ya chai, jioni wakasaini posho wakaondoka. Miezi kadhaa baadaye napita vijijini kwao nakuta mazungumzo yale yale, mbolea, mbegu, viwavijeshi. Lishe? Hamna.

Na si kwamba huku chakula hakuna. Iringa, Njombe, Rukwa tunalisha nchi, mahindi na viazi vinatoka malori kwa malori, ila ule utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Iringa watoto wa chini ya miaka 5 waliodumaa ni karibu asilimia 57, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Sasa mtu wa hapo ukimwambia alime zaidi unakuwa umemsaidia nini?

Siku hizi naanza hivi: kila mtu aandike alichokula tangu jana asubuhi. Bwana shamba ana diploma yake safi, karatasi inasema chai na maandazi, ugali maharage, usiku ugali tena na kabichi iliyochemka mpaka imepoteza rangi. Wanacheka weee, alafu kimya. Hapo ndo darasa linaanza.

Kisha tunaingia jikoni, wanaume nao, hamna cha kusema mi najua kula tu. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, tunachemsha na maganda yake, matembele tunaunga kwa karanga au mafuta maana bila mafuta mwili hauichukui vizuri vitamini A, maharage tunaloweka usiku kucha, na chai tunaisogeza mbali na mlo kwa sababu inazuia madini ya chuma. Afisa akishapika kwa mkono wake, akifika kwa mkulima haongei kama anasoma tangazo.

Kitu kingine, na hiki wengi tunakosea, tunamwongezea mama kazi alafu tunaita mradi. Bustani ya mboga nzuri sana, ila kiangazi maji anachota nani? Anashuka bondeni na ndoo, mtoto mgongoni. Afadhali magunia mawili ya mchicha na mnafu mlangoni, yamwagiliwe na maji yaliyooshea mboga.

Na baba lazima aitwe kwenye shamba darasa, yeye ndo anaamua maharage yauzwe yote au yabaki madebe mawili. Afisa wako ukimtuma kijijini mpe swali moja tu la kuuliza: "Kwenye haya mnayouza, ya watoto mmebakiza kiasi gani?" Asilaumu, aulize tu anyamaze, aone baba anavyomgeukia mama.