Gari la kampuni au lako? Kwa mkandarasi anayeanza kazi Mombasa

Ukianza ukandarasi Mombasa, iwe ni viyoyozi vya hoteli za Nyali au umeme wa maghala ya Changamwe, swali hili halikawii: kampuni ina pikapu ya kukukabidhi, nawe macho yako yako kwenye yadi ya kuuza magari, ununue lako. Rai yangu, mkataba wa kwanza endesha la kampuni. Hujajua bado kazi itakupeleka wapi. Ukikimbilia Probox, kigari kidogo cha mizigo, kisha kazi ikawa ya kubeba jenereta hadi Kilifi, utakodi pikapu na lako limeegeshwa.

Ila soma karatasi kwanza. Ukihesabiwa mwajiriwa, gari unaloruhusiwa kwenda nalo nyumbani na kutembelea Jumapili ni sehemu ya mshahara mbele ya KRA, mamlaka ya kodi: asilimia 2 ya bei ambayo lilinunuliwa, kila mwezi. Gari la shilingi 1,500,000 linaongeza 30,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi. Aliye kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 30 hukatwa 9,000 zaidi. Kama wewe ni mkandarasi hasa, wa kutoa ankara, uliza mengine: mafuta ni ya nani, likigongwa analipa nani, na mkataba ukiisha unabaki na nini. Hapo ndipo wengi hukwama. Gari linarudishwa Ijumaa, Jumatatu mteja mpya anakungoja Mtwapa, na ngazi yako imeegemea ukuta wa sebule.

Wakati wa kununua ukifika, bandari isikuhadae. Eti meli hushusha hapa Kilindini, kwa hivyo ni bei ya chini! Ushuru ni ule ule nchi nzima. Unachookoa ni gharama ya kulipeleka bara.

Jambo la kuchunguza ni chumvi, hasa kwa gari lililotumika hapa pwani. Tandika kadibodi, ingia uvunguni na tochi, gongagonga chasisi kwa spana karibu na magurudumu ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu, na ile rangi nyeusi iliyopakwa juzi inabanduka na vipande vya kutu. Muuzaji akianza kukuonea huruma kwamba utachafuka, endelea kugonga.

Bima nayo, mwambie wakala waziwazi kwamba gari ni la kazi. Ukikata ya kibinafsi kisha likapata ajali limejaa vifaa vya mteja, fidia inaweza kukataliwa. Ya biashara ina bei yake. Iingize kwenye makadirio unayompa mteja tangu kazi ya kwanza.