Kocha, anza na Haller

Kocha mwenzangu, umeuliza uwaambieje vijana wako wa chini ya miaka 20 kuhusu saratani ya korodani bila mazoezi kugeuka kichekesho. Watacheka, waache wacheke. Mimi huanza na Sébastien Haller, mshambuliaji wa Ivory Coast: Julai 2022, ndiyo kwanza ametua Borussia Dortmund, akakutwa na uvimbe kwenye korodani. Akapasuliwa, akapewa tibakemikali, Januari 2023 akarudi uwanjani. Februari 2024 akaifungia Ivory Coast bao la ushindi dhidi ya Nigeria kwenye fainali ya AFCON. Hapo kicheko huisha chenyewe.

Kisha waelekeze. Mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto, kila mtu akiwa peke yake: ashike korodani moja kwa kidole gumba na vidole vingine, aizungushe taratibu. Anatafuta kijivimbe kigumu, hata kidogo kama punje ya choroko, au upande mmoja kuongezeka ukubwa. Kamba laini ya nyuma ni maumbile, na moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida. Kijivimbe hicho mara nyingi hakiumi, ndiyo maana kijana hukaa nacho miezi akisingizia teke la mechi.

Wewe usimkague mtu, hata akikuomba. Aende kwa daktari, apigwe altrasaundi. Ila maumivu makali ya ghafla ni jambo jingine: huenda korodani imejisokota, na una saa chache tu. Hospitali palepale, si barafu na panadol.